Kabla ya Ukomo wa Hedhi: Hukumu za Damu na Eda, na Dhana Zisizo Sahihi

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake wote.

Katika maswali ya twahara yanayotufikia, yale ya akina mama wa miaka 40 na kuendelea yanafanana sana. Mmoja anasema damu yake ilikuwa ikija kila mwezi bila ya kukosa, sasa imepotea miezi mitatu, kisha imekuja siku 12 mfululizo. Mwengine anauliza aache sala au asiache, maana ameona damu mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Mwengine ameachwa na mumewe, na watu wa nyumbani wamemwambia ahesabu miezi mitatu tu kwa kuwa umri wake "umeshapita". Ukiyatazama maswali haya, yote yanatoka mlango mmoja. Baina ya hedhi ya kawaida na kukoma kwake kuna kipindi cha miaka kadhaa, na mwanamke aliye ndani ya kipindi hicho bado ni mwenye hedhi. Hukumu zake ni za mwenye hedhi, si za aliyekoma. Makosa mengi katika sala, saumu, na hasa katika eda, yanatokana na kumhesabu amekoma kabla hajakoma.

Kipindi hiki ni kipi

Mwanamke huzaliwa na akiba yake yote ya mayai, na akiba hiyo hupungua kila mwaka. Akifika miaka ya 40, na baadhi yao mwishoni mwa miaka ya 30, ovari zake, yaani vile vifuko viwili vya mayai, huanza kufanya kazi kwa kusitasita. Mwezi huu yai linatoka, mwezi ujao halitoki. Homoni zinazoiendesha hedhi, estrojeni na projesteroni, hupanda na kushuka bila ya utaratibu uliozoeleka, na damu nayo ikafuata njia hiyo hiyo: mara karibu karibu, mara mbali mbali, mara nyingi, mara matone.

Madaktari hawasemi mwanamke amekoma mpaka ipite miezi 12 mfululizo bila ya damu, na pasiwe na sababu nyengine kama mimba, kunyonyesha au dawa. Kwa wanawake wengi duniani hilo hutokea baina ya miaka 45 na 55. Kipindi kinachotangulia huchukua kwa kawaida kama miaka 4, ingawa wapo wanaokipita kwa miezi michache na wapo wanaokaa nacho miaka 8 na zaidi.

Pamoja na damu kubadilika, huja joto la ghafla linaloanzia kifuani na kupanda usoni kwa dakika chache, jasho la usiku, usingizi kukatika, moyo kwenda mbio, kusahau, huzuni au hasira za haraka, maumivu ya viungo, na ukavu wa sehemu za siri. Wengine hawapati hata moja katika hayo. Hapa kwetu joto hili huchanganywa na joto la kaskazi, na mara nyingi zaidi huchanganywa na malaria. Mama anatokwa na jasho usiku, anakunywa dawa ya malaria bila ya kupima, na mwezi unaofuata tena. Kupima ni jambo dogo. Na jasho la usiku likiandamana na kukohoa kwa wiki mbili au kupungua mwili, hapo haifai kulibebesha umri, kwani kifua kikuu nacho huja hivyo. Ugonjwa wa tezi ya shingo pia unaweza kuleta joto na moyo kwenda mbio.

Damu isiyo na mpango, na sala

Mlango wa hedhi husomeshwa chuoni msichana akiwa na miaka 11 au 12. Anazihifadhi zile hesabu: uchache wake ni mchana mmoja na usiku wake, wingi wake ni siku 15, na ghalibu ni siku 6 au 7. Kisha hesabu hizo hukaa kichwani miaka 30 bila ya kuhitajiwa, kwa sababu hedhi yake ilikuwa na ada yake na yeye akaifuata. Ni katika miaka hii ya mwisho ndipo zinapohitajiwa kweli. Ninazieleza hapa kwa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi katika visiwa vyetu. Ndugu zetu Maibadhi wana hesabu zao, nao wawaulize wanazuoni wao.

Nyongeza moja muhimu ni kwamba twahara baina ya hedhi mbili haipungui siku 15. Chukua mfano wa mama aliyeona damu siku 6, ikakatika siku 5, kisha ikarudi siku 3. Jumla ni siku 14, hazikuvuka 15, basi yote ni hedhi moja. Damu ilipokatika katikati alitakiwa aoge na asali, na iliporudi akaacha. Hana dhambi kwa lolote katika hayo.

Sasa chukua mwengine. Ameona damu siku 6, akatwahirika siku 12, kisha damu ikaja siku 7. Hapa haiwezekani kuiunga na ile ya mwanzo, kwani zimeshapita siku 15 tangu ilipoanza, na twahara yake haijatimia. Siku 3 za mwanzo katika zile 7 zinatimiza twahara, nazo ni istihadha: anasali na kufunga. Siku 4 zilizobaki ni hedhi. Akina mama wengi wanaoniuliza suala hili walikuwa wameacha sala siku zote 7, na wachache walikuwa wamesali siku zote.

Damu ikivuka siku 15 bila ya kukatika, hiyo ni istihadha iliyochanganyika na hedhi. Mwezi wa kwanza atangoja mpaka siku ya 15, kwa kuwa hajui kama itavuka. Ikivuka ataoga, na atatazama. Kama damu yake inatofautika, siku za damu nzito nyeusi au nyekundu iliyoiva ndiyo hedhi, kwa sharti isipungue siku moja wala isizidi 15, na ile hafifu ni istihadha. Kama haitofautiki, atarudi kwenye ada yake aliyoijua kabla ya mambo kubadilika. Ikiwa ni siku 6, basi 6. Sala za siku zilizozidi atazilipa. Mwezi wa pili ikijirudia, hangoji tena siku ya 15. Asili ya hukumu hii ni Hadithi ya Bibi Fatima binti Abi Hubaish (R.A.), aliyemwambia Mtume (S.A.W.) kuwa damu haimkatiki, akamfahamisha kwamba huo ni mshipa na si hedhi, na akamwamrisha aache sala kwa kadiri ya siku za hedhi yake, kisha aoge na asali.

Mwenye istihadha hujisafisha, huvaa pedi, hutia udhu kila sala ya faradhi baada ya wakati wake kuingia, na husali bila ya kuchelewa. Saumu yake ni sahihi. Mumewe anahalalika kwake kwa kauli ya wanazuoni walio wengi. Maji ya rangi ya manjano au ya vumbi, yakija ndani ya siku ambazo hedhi inawezekana, yanahesabiwa hedhi katika madhehebu yetu. Yakija nje ya hapo, hayahesabiwi.

Kwa haya yote dawa ni daftari. Andika siku na saa damu ilipoanza, siku na saa ilipokatika, na sifa yake. Mama anayekuja na daftari hujibiwa kwa dakika tano. Anayekuja na "kama wiki mbili hivi, sheikh" humsumbua anayejibu, na jibu lenyewe linakuwa la kukisia.

Ramadhani

Madeni ya saumu za hedhi hayaanguki kwa hedhi kukoma. Wapo mama zetu wanaodhani kuwa wakishakoma wanatoa fidya tu na yameisha. Fidya peke yake ni ya asiyeweza kufunga kwa uzee au maradhi yasiyotarajiwa kupona. Mwenye afya analipa siku kwa siku, na aliyechelewesha bila ya udhuru mpaka Ramadhani nyengine ikaingia, katika madhehebu yetu anaongeza kibaba cha chakula kwa kila siku. Joto la ghafla peke yake si udhuru wa kufungua, ila likifikia hadi ya kumdhuru mtu na daktari akathibitisha.

Eda: hapa ndipo panapoharibika

Aya ya 228 ya Suratul Baqara inamtaka mwanamke aliyeachwa, mwenye kupata hedhi, angoje quruu tatu. Kwa Imamu Shafi quruu ni twahara, na kwa Imamu Abu Hanifa ni hedhi. Miezi mitatu imetajwa katika aya ya 4 ya Suratut Talaq, nayo ni ya waliokata tamaa ya hedhi na ya wale ambao hawajapata hedhi. Mwenye mimba eda yake ni kujifungua. Mama wa miaka 46 au 48 ambaye damu yake inaruka hajakata tamaa ya hedhi. Yumo katika aya ya Al-Baqara.

Kwa hivyo, akiachwa akiwa twahara na damu yake ikawa inakuja kila baada ya miezi miwili, eda yake inaweza kufika miezi mitano, kwani inamalizika anapoiona damu ya hedhi ya tatu. Akiwa damu yake inakuja kila wiki tatu, eda inaweza kumalizika kabla ya miezi miwili. Miezi mitatu haina nafasi katika hesabu zote mbili.

Je, ikiwa damu imepotea kabisa baada ya talaka? Ikiwa sababu inajulikana, kama kunyonyesha au maradhi, atangoja irudi. Anayetumia sindano ya uzazi wa mpango au kijiti, na damu yake ikakatika kwa ajili hiyo, yumo humu, wala haifai kumwambia ahesabu miezi mitatu eti haoni damu. Ikiwa sababu haijulikani, hapa wanazuoni wamekhitalifiana sana. Kauli mpya ya Imamu Shafi ni kwamba atangoja mpaka hedhi irudi au afike umri wa kukata tamaa, na umri huo kwa kauli mashuhuri ya madhehebu yetu ni miaka 62 ya Hijria, sawa na miaka 60 na kidogo ya kalenda ya miladi. Ukimtazama mama wa miaka 47, hiyo ni miaka 13. Kauli yake ya zamani ni kwamba atangoja miezi 9, ambayo ni muda wa mimba, kisha miezi 3 ya eda, jumla mwaka mmoja. Hivyo ndivyo ilivyopokewa hukumu ya Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.), na ndiyo madhehebu ya Imamu Malik na Imamu Ahmad. Wapo katika wanazuoni wa Kishafi wa baadaye walioifuata kwa kuondoa uzito, na mimi moyo wangu umeelemea huko. Lakini hili si la kujiamulia mtu sebuleni. Lipelekwe kwa kadhi, na hukumu yake ifuatwe.

Msisitizo huu una sababu. Ndoa iliyofungwa ndani ya eda ni batili, hata kama walifunga kwa nia njema na walima ikaliwa. Na katika talaka rejea, muda wote wa eda mume ana wajibu wa matumizi na makaazi, ana haki ya kumrejea mkewe, na mmoja akifariki wanarithiana. Anayemkatia mama eda ya miezi mitatu huenda anamnyima miezi miwili ya matumizi, au anamnyima mirathi, au anamwozesha mke wa mtu. Naye anayemwambia angoje mpaka uzeeni bila ya kumpeleka kwa kadhi, anamfunga. Kipimo cha mimba kinachouzwa duka la dawa nacho hakiondoi eda. Eda ina hekima ya kujua tumbo, lakini vilevile ni ibada yenye kiwango chake.

Kuhusu mjane, maneno ni machache: miezi minne na siku kumi, awe na hedhi au asiwe nayo, awe na miaka 20 au 90. Asiyekuwa hivyo ni mwenye mimba tu, ambaye eda yake ni kujifungua. Usemi wa kwamba "bibi hana eda" hauna asili.

Mengine yanayosemwa

Husemwa kwamba damu ikianza kuruka hapana mimba tena. Si kweli. Uwezekano hupungua, ila yai moja likitoka linatosha, na wapo wanaodhani wamekoma kumbe tumbo lina miezi minne. Mimba ya umri huu inahitaji uangalizi wa mapema. Kwa wanaotumia njia ya kupanga uzazi kwa makubaliano ya mume na mke, madaktari hushauri waendelee nayo miaka miwili tangu damu ya mwisho ikiwa mama hajafika miaka 50, na mwaka mmoja akiwa amepindukia 50.

Husemwa pia kwamba aliyekoma amepunguziwa stara. Aya ya 60 ya Suratun Nur inazungumzia wanawake wakongwe wasiotarajia ndoa tena, na hata hao wakaambiwa kujisitiri ni bora kwao. Mama wa miaka 50 mwenye kuolewa au kuolewa tena hamo.

Wapo wanaosema damu isiyotoka hupanda kichwani, au hubaki tumboni ikawa uchafu, na kwa hivyo lazima "kusafisha kizazi". Hakuna damu inayorundikana.  Majani na unga unaouzwa wa kuweka ukeni huunguza na kuleta maambukizi. Asali na habasoda ni vyakula vya kheri, lakini havisimamishi damu iliyozidi.

Na jini. Mama mpole amekuwa mkali, halali, anatokwa na jasho, hataki kuguswa; familia inakusanyika na anatafutwa mganga. Kusomewa Qur'ani hakuna ubaya, na mwenyewe ajisomee Ayatul Kursi na Muawwidhatain kila usiku. Kumwendea mpiga ramli ni haramu. Na kabla ya kumtia mtu jini, mtu aulizwe mwezi wake unakwendaje. Jambo la kushangaza ni kwamba mwari wetu hupewa somo wa kumfundisha kila kitu cha kuingia utu uzima, lakini wa kumfundisha mambo haya hana, na mama yake naye hakumwambia.

Mabwana wana sehemu yao. Mke anayeamka usiku kufungua dirisha hakukukimbia. Anayeumia katika tendo la ndoa hakukuchukia. Ukavu huo una vilainishi vya maji vinavyopatikana maduka ya dawa, na una tiba kwa daktari. Neno la "mke wangu ameshakwisha" lisemwe na mtu asiyejua sira. Kwa riwaya iliyo mashuhuri, Bibi Khadija (R.A.) alifariki akiwa na miaka kama 65, na Mtume (S.A.W.) hakuoa mke mwengine mpaka alipofariki.

Lini kwenda hospitali

Fiqhi inasema damu hii ni hedhi au istihadha. Haisemi kama ni salama. Yote mawili yanahitajika. Aende hospitali mama anayejaza pedi kila saa kwa saa kadhaa, anayetoa mabonge makubwa, anayetokwa na damu baada ya tendo la ndoa au baina ya hedhi, au aliyechoka na kupumua kwa shida kwa upungufu wa damu. Sababu inaweza kuwa uvimbe kwenye kizazi, ambao mara nyingi si saratani. Lakini saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na ikigunduliwa mapema hutibika.

Damu iliyorudi baada ya kukosekana mwaka mzima ina hukumu mbili kwa wakati mmoja. Katika madhehebu yetu hedhi haina umri wa mwisho, kwa hivyo ikitimiza masharti ataacha sala. Kwa daktari damu hiyo lazima ichunguzwe, hata ikiwa tone. Asingoje iishe ndipo aende. Ikithibiti kuwa inatoka kwenye kidonda au uvimbe, amrudie mwanachuoni na jibu la daktari mkononi. Naye ambaye hedhi imemkatikia kabla ya miaka 45, na zaidi kabla ya 40, pia aonane na daktari, kwa ajili ya mifupa na moyo wake.

Daktari mwanamke Mwislamu ndiye anayetangulizwa. Asipopatikana, mwanamke mwengine mwaminifu, na asipopatikana, mwanamme, kwa kadiri ya haja, akiwepo mumewe au maharimu. Stara isiwe sababu ya kufa na ugonjwa wa kutibika.

Zipo dawa za homoni, za vidonge, vibandiko na jeli, kwa aliyezidiwa na joto na kukosa usingizi. Kujitibu kwazo kunajuzu. Si za kila mtu: aliyewahi kuwa na saratani ya matiti au damu kuganda kwenye mishipa kwa kawaida hapewi vidonge hivyo, na mwenye kizazi hapewi estrojeni peke yake. Kwa hivyo zisinunuliwe kwa kuambiwa na jirani. Baadhi yake huleta damu ya kila mwezi kwa makusudi, na hukumu ya damu hiyo iulizwe kabla ya kuanza. Kwa mifupa, ambayo hudhoofika estrojeni ikipungua, dagaa wanaoliwa na miiba yao, maziwa, mboga za majani, jua la asubuhi na kutembea kwa miguu vina faida, na vyote vipo karibu yetu.

Mwenye suala la sala atuandikie tarehe za damu tatu za mwisho, kuanza na kukatika, na ada yake ya zamani. Mwenye suala la eda aongeze tarehe ya talaka, alikuwa twahara au hedhini, umri wake, na kama anatumia sindano, kijiti au kitanzi. Kisha aende na maelezo hayo hayo kwa kadhi wa wilaya yake.

Wallahu a'lam.